Kicheko Kisicho na Furaha: Funzo la Kashasha juu ya Maradhi ya Akili

(Hotuba kwa Waislamu wa Kimuli)



Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo linalozigusa nyumba zetu nyingi, nasi twalificha kwa aibu, nalo ni maradhi ya ubongo na ya akili. Mtoto akianguka shuleni, au akilia na kupiga kelele bila sababu inayoonekana, mara moja twasema, "Ana majini." Je, tumechunguza kabla ya kutoa hukumu hiyo?

Mfano uko humu humu mkoani mwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, Wilaya ya Bukoba ya wakati ule, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hakikuwa kicheko cha furaha, kwani kilichanganyika na kilio na hofu, na aliyeshikwa kwa nguvu alipigana. Wengine walipatwa kwa saa chache, wengine kwa siku nyingi. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, watu 217 walipatwa katika eneo la Nshamba, na baadaye wasichana 48 kati ya 154 katika shule ya Ramashenye.

Maneno yakawa mengi. Wako waliosema ni wazimu unaoambukiza, na wako waliodai kwamba hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Madaktari wawili, Rankin wa Makerere na Philip wa Bukoba, hawakuanza kwa maneno bali kwa vipimo. Waliwapima wagonjwa mwili mzima, wakachunguza damu na maji ya uti wa mgongo, wakatafuta vijidudu na sumu. Hawakuona kitu. Waliona pia kwamba hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa, na hakuna mgonjwa aliyekufa. Katika taarifa yao ya mwaka 1963 walieleza kwamba chanzo kilikuwa msukosuko wa nafsi ulioenea kutoka mtu hadi mtu.

Ndugu zangu, hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, mwili uchunguzwe kwanza. Kifafa, kwa mfano, ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, aliweza kwa mara ya kwanza kunakili umeme wa ubongo wa binadamu, na hadi leo mashine za namna hiyo huwasaidia madaktari kukitambua kifafa. Malaria iliyopanda kichwani na minyoo ya tegu iliyoingia ubongoni huweza kukisababisha. Hakiambukizi, wala povu la mgonjwa halina madhara. Ni dhambi iliyoje kumwacha ndugu aungue motoni kwa kuogopa povu! Mtoeni penye hatari, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, kisha mpelekeni hospitali. Wagonjwa wengi wakimeza dawa kila siku huishi bila kuanguka.

Funzo la pili, vipimo visipoonyesha kitu, haina maana kwamba mgonjwa anajifanya. Wasichana wa Kashasha waliteseka kwelikweli. Vipimo vya siku hizi vinavyoutazama ubongo ukiwa kazini vimedokeza kwamba, kwa baadhi ya wagonjwa wenye dalili za mwili zisizo na jeraha la ubongo, sehemu zinazohusika na hofu huathiri zile zinazoendesha viungo. Mgonjwa kama huyo anahitaji utulivu, maneno ya upole na uangalizi wa daktari. Fimbo, moshi na kelele za umati humzidishia hofu, na hofu ndiyo inayoeneza hali hiyo kwa wengine.

Sisi hatukatai mambo ya ghaibu, wala hatuachi dua. Tunachokataa ni kuyafanya majini kisingizio cha kumnyima mgonjwa tiba. Kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mungu. Basi kila mzazi hapa Kimuli aweke ahadi moja: mtoto wake akipatwa, njia ya kwanza itakuwa ya kituo cha afya, na dua itamfuata njiani.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuondolee ujinga unaowaongezea mateso. Amin.