Saa za Kazi za Rubani: Mazungumzo na Abiria wa Sumbawanga na Ufipa



Baadhi yenu mnaokwenda Dar es Salaam kwa ndege huanza safari kwa basi, mkapita Tunduma hadi uwanja wa Songwe. Baada ya mwendo huo, kuambiwa kwamba ndege haitaruka kwa kuwa saa za rubani zimekwisha ni jambo la kuudhi. Tumeona vyema tulieleze.

Siku ya mkulima wa Ufipa haianzi jembe linapogusa udongo, na ya rubani haianzi ndege inapopaa. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, muda wa kazi huanza rubani anapotakiwa kuripoti, na huisha anapokuwa huru na majukumu yote. Mafunzo, kazi za ofisini, na safari anayotumwa na mwajiri akiwa abiria ili akachukue ndege kwingine, vyote ni kazi. Hata kungoja kuitwa huhesabiwa, iwapo kunaweza kumchosha. Safari yake ya kawaida kutoka nyumbani haihesabiwi.

Tuchukue mfano. Rubani aripoti Dar es Salaam saa 11:00 alfajiri. Ukungu wafunga Songwe, aondoka saa 5:00 asubuhi, na kurejea Dar es Salaam saa 8:30 mchana. Angani amekaa takriban saa 3. Kazini amekwisha kutimiza saa 9 na nusu. Ukungu haukusimamisha hesabu, kwa sababu haukusimamisha uchovu.

Kwa hiyo, rubani akikataa kuruka kwa kufikia ukomo wake, msimshurutishe. Aliyechoka huchelewa kuona hatari na huchelewa kuamua, na gharama ya kosa hilo hulipwa na wote waliomo ndegeni.

Lakini kupanga zamu ni wajibu wa kampuni, si wa abiria. Ulizeni sababu ya kuchelewa, ndege nyingine ni lini, na mtahudumiwaje mnapongoja. Tunzeni tiketi na risiti. Andikeni malalamiko kwa kampuni kwanza. Msiporidhika, yafikisheni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Kuchelewa kuna dawa. Ajali haina.