Nasaba na Nyama: Juu ya Kuteua Mbegu ya Mifugo Pwani



Najua ya kuwa katika hadhara hii wamo wengi ambao dini yao imewaharamishia nguruwe, nami sikuja kumsifu. Lakini elimu ya nasaba na nyama imechunguzwa kwake kwa kina, na ibra iliyopatikana huko yamhusu pia mwenye mbuzi wa Ganze na Magarini.

Wafugaji wa Ulaya, hasa wenye nguruwe wa Piétrain watokao Ubelgiji, waliteua kwa miaka mingi madume yenye minofu tele na mafuta haba, wasitambue ya kuwa pamoja na umbo hilo la kupendeza walikuwa wakirithisha ila iliyojificha. Mnyama aliposukumwa garini aliweza kufa ghafula. Na aliyefika machinjioni salama, nyama yake aghalabu ilikuwa nyeupe na tepetepe, ikivuja maji katika sinia ya muuzaji. Mwaka 1991 sababu ilidhihirika: katika jeni iitwayo RYR1 herufi moja tu ilikuwa imebadilika, hata mlango utoao kalsiamu ndani ya msuli, ukifunguka, haufungiki upesi; sukari ya msuli huteketea kwa kasi, asidi huzidi na mzoga ungali moto, na protini zikiisha kuharibika haziwezi tena kushika maji. Tangu hapo damu kidogo ilitosha kumjulisha mfugaji nani wa kuzalishwa na nani wa kuachwa.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Huko Diani, kuanzia 1991 hadi 1996, watafiti waliwalisha kondoo wekundu wa Kimasai pamoja na Dorper, aina ya Afrika Kusini ipendwayo kwa ukubwa wake, katika malisho yenye minyoo, wakahesabu mayai ya minyoo katika kinyesi. Wana wa Dorper wakafa zaidi, na wale wa Kimasai wakastahimili. Mbuzi wadogo wa kienyeji nao waliwashinda mbuzi wa aina ya Galla kwa ustahimilivu.

Sifa, basi, haziji moja moja, bali hufungamana, na jicho la mnunuzi huona ile ya nje tu. Wala nasaba si kadari: mbuzi aliyesafirishwa kutoka Garsen hadi Malindi amefungwa miguu, bila maji wala kupumzishwa, sukari ya misuli yake huweza kwisha kabla ya kisu, na nyama ikawa nyeusi na kavu, awe wa mbegu yoyote.

Lakini hasara yetu kubwa ni hii, kwamba beberu akuaye upesi ndiye auzwaye kwanza, hasa Idi ya kuchinja ikikaribia, na aliyedumaa ndiye abakiaye zizini akapanda majike. Hivyo mbegu njema twaila wenyewe. Nawasihi wafugaji: andikeni katika daftari mama wa kila mwana, siku ya kuzaliwa, na nani aliyevuka masika bila dawa, kisha beberu aliye bora kati ya hao asiuzwe mpaka ameacha kizazi.