Nani Humteua Waziri Katika Serikali ya Muda?

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Kata ya Zombo, Wilaya ya Kilosa.



Nimeombwa nizungumzie mabaraza ya mawaziri ya muda, yaani yale yanayoundwa mara tu utawala wa kidhalimu unapoanguka. Sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Jirani yetu Uganda aliupitia mkasa huo mwaka 1979, na sisi Watanzania hatukuwa watazamaji. (Kwa kuwa tuko Zombo, niseme kwa kupita kwamba Uganda nayo ina Wilaya ya Zombo, iliyomegwa kutoka Nebbi mwaka 2010, katika eneo lile la West Nile ambako ndiko asili ya nduli Idi Amin. Majina yamegongana tu.)

Habari za vita vya Kagera tunazijua. Nduli alivamia Oktoba 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliutwaa mji wa Kampala. Hayo yamesimuliwa sana. Yasiyosimuliwa vya kutosha ni yale yaliyotokea katika chumba cha mawaziri baada ya mizinga kunyamaza.

Serikali iliyoingia Kampala ilikuwa imeundwa hapa kwetu. Mwishoni mwa Machi 1979 makundi zaidi ya 20 ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi, yakaunda umoja wa ukombozi uliojulikana kwa kifupi kama UNLF. Yaliteua Halmashauri ya Utendaji ya watu 11 chini ya Profesa Yusuf Lule, aliyewahi kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, na pembeni yake yakaweka Baraza la Ushauri la Taifa, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Edward Rugumayo. Ulikuwa mkutano wa haraka. Makundi yaliyokuwa yakitiliana shaka kwa miaka yalilazimika kukubaliana kwa siku chache, kwa sababu vita vilikuwa vinakwisha na Kampala haikuwa na mwenyewe.

Katika haraka hiyo liliachwa swali moja ambalo kila karani wa masjala angeliuliza siku ya kwanza: barua ya kumteua waziri inatiwa sahihi na nani, na nani anapaswa kuikubali kabla haijatoka?

Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili 1979. Yeye alishika Katiba ya Uganda ya 1967, ambayo ilimpa Rais mamlaka makubwa ya kuteua na kuondoa. Wajumbe wa Baraza nao walishika makubaliano ya Moshi, wakisema kuwa uteuzi wowote mkubwa ulipaswa kupata idhini yao. Mwezi Juni Lule aliwabadilisha mawaziri bila kuwauliza. Baraza likakasirika, naye akashikilia msimamo wake, na tarehe 20 Juni akaondolewa baada ya siku 68 madarakani. Mjini Kampala watu waliandamana na kugoma kwa ajili yake.

Watu wengi humlaumu Lule kwa ukaidi, na wengine hulilaumu Baraza kwa fitina. Mimi naona lawama hizo zinapita pembeni. Kila upande ulikuwa na hati ya kuonyesha, na hati zenyewe zilipingana. Wala Tanzania, ambayo jeshi lake ndilo lililolinda usalama wa mji ule, haiwezi kusema kwamba mambo hayo hayakuihusu. Tulikuwa wenyeji wa mkutano wa Moshi.

Hapa nawaomba, ndugu watumishi, mjiweke katika nafasi ya wenzenu wa Kampala. Hao walikuwa wametoka katika miaka minane ya hofu. Mwaka 1972 Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na askari kutoka mahakamani na hakuonekana tena. Mtumishi aliyenusurika alikuwa amejifunza kutoamua neno lolote. Sasa nduli ameondoka, maduka na ofisi zimeporwa, na mtumishi huyo anatakiwa afufue kazi ya serikali. Anapokea agizo la waziri ambaye Baraza linasema uteuzi wake si halali. Alitekeleze? Akilitekeleza, kesho anaweza kuitwa kibaraka. Akilikalia, shule haifunguliwi na dawa haziendi hospitali. Mtu wa namna hiyo hulifungia jalada mezani, akangoja, na wananchi wakangoja pamoja naye.

Aliyefuata ni Godfrey Binaisa, mwanasheria hodari, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika miaka ya 1960. Kama kujua sheria kungetosha, yeye angefaulu. Lakini wakati huo swali la sahihi lilikuwa limekwisha kuhama kutoka mezani kwenda kambini, kwa kuwa wakubwa kadhaa walikuwa na askari waliowatii wao binafsi. Mwezi Mei 1980 alipojaribu kumwondoa Mnadhimu Mkuu wa Jeshi, Brigedia David Oyite Ojok, askari walikataa, na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikashika dola. Ilikuwa miezi 13 tu tangu Lule aapishwe. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Milton Obote, matokeo yakapingwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni, ambaye alikuwa waziri katika serikali hizo za muda na Makamu Mwenyekiti wa Tume hiyo, alianza vita vya msituni vilivyomfikisha Kampala Januari 1986.

Kwetu Tanzania, Rais huteua mawaziri baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na Bunge haliwathibitishi mmoja mmoja. Waganda wamechagua njia nyingine. Ibara ya 113 ya Katiba yao ya 1995 inasema mawaziri huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge. Ndilo hasa jambo ambalo Baraza la Rugumayo lilikuwa likilidai Juni 1979, na lilichukua miaka 16 kuandikwa.