Amri Ilikuwepo

Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa Jumatatu, tarehe 11 Januari 2021, mliusikia, na wengi mlishangilia. Majaji walisema kuishi kwenye ardhi ya umma bila hati hakuifanyi ardhi hiyo kuwa mali ya mtu, lakini haki yake ya makazi inalindwa na Katiba. Uamuzi mzuri. Wasiwasi wetu ni ule ule wa siku zote: tingatinga.

Kumbukeni Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ambako kesi hiyo ilianzia. Septemba 2011 wakazi walipewa notisi ya siku 7, tena kupitia gazeti. Wakakimbilia mahakamani, wakapata amri ya kuzuia ubomoaji. Novemba tingatinga likaja. Amri ilikuwepo. Nyumba zikavunjwa, na shule ya watoto nayo ikavunjwa. Mahakama Kuu wakashinda 2013, Mahakama ya Rufaa wakashindwa 2016, Mahakama ya Juu wakashinda tena 2021, na faili likarudishwa Mahakama Kuu kuamua watapata nini. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku nyumba zilipovunjwa, kufikia uamuzi huo alikuwa kijana anayebalehe.

Mei 2020, Kariobangi, Nairobi hiyo hiyo. Korona, kafyu, mvua. Amri ilikuwepo. Tingatinga likaja.

Hatusemi mwenye ardhi asidai chake. Adai. Sheria ya Ardhi, tangu irekebishwe 2016, imemwekea njia: notisi ya maandishi ya miezi 3, na aliyepewa notisi aweze kwenda kortini kuipinga. Siku yenyewe maafisa wajitambulishe, waonyeshe idhini, na mwenye nyumba apewe nafasi ya kwanza kuibomoa mwenyewe. Mabati yaliyong'olewa msumari mmoja mmoja yataezeka kwingine. Yaliyopitiwa na tingatinga huuzwa kwa kilo.

Sasa amri ikipuuzwa, nani anajibu? Idara? Idara hailali nje na watoto.

Makamanda wa polisi, mkionyeshwa karatasi yenye muhuri wa mahakama, simamisheni kazi! Madereva, zimeni injini! Nanyi mnaoishi bila hati, notisi ikibandikwa mlangoni msiichane. Ipigeni picha, andikeni tarehe, nendeni kortini miezi 3 haijaisha. Na waheshimiwa majaji, aliyevunja amri yenu mwiteni kwa jina lake, asimame kizimbani yeye mwenyewe.