Tarishi Asiyelala: Amri Juu ya Barua Zinazoingia

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima hapa Sumbawanga, na ninyi wa Laela, Matai na Namanyere, chukueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni juu ya barua pepe, yaani barua zinazoingia katika kompyuta, na amri ambazo kompyuta huzifuata barua hizo zinapofika.

Mama mmoja hapo nyuma atasema: “Mwalimu, mimi nalima mahindi na maharage. Kompyuta yanihusu nini?” Inakuhusu, mama. Ikiwa chama chenu cha ushirika hupatana bei na wanunuzi kwa barua pepe, basi jasho lako linapita humo.

Zamani kila ofisi ilikuwa na tarishi. Mkubwa alimwambia: “Barua ya Mbeya iweke katika jalada jekundu. Barua ya hospitali mpelekee bwana mganga.” Programu ya barua pepe nayo ina tarishi wa namna hiyo. Amri zake huitwa kanuni, na kila kanuni ina sehemu mbili: “ikiwa” na “basi”. Ikiwa barua imetoka kwa mnunuzi, basi iweke katika jalada la mauzo. Ikiwa ina neno “ankara”, basi mweka hazina apate nakala.

Iko amri kubwa zaidi: “basi endesha skripti.” Skripti ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyatimiza moja baada ya jingine, bila mtu kuigusa. Tuseme barua ya mizani inatoka ghalani usiku. Skripti inasoma uzito wa magunia, inauandika katika daftari la hesabu, kisha inatuma jibu kwamba barua imepokelewa. Asubuhi karani anakuta kazi imekwisha. Hiyo ndiyo faida yake.

Sasa sikilizeni hatari yake. Tarishi huyu halali, lakini pia hapambanui mema na mabaya. Hufanya alivyoamriwa, hata kama aliyeamuru ni mwizi.

Tarehe 4 Mei 2000 ilienea duniani barua iliyoanzia Filipino, yenye jina ILOVEYOU, maana yake “nakupenda”. Ilikuwa na kiambatisho kilichofanana na barua ya mapenzi, kumbe ni skripti. Mtu alipokifungua, skripti ilijituma kwa watu wote waliokuwamo katika kitabu chake cha anwani, na ikaharibu majalada yake. Kompyuta mamilioni ziliambukizwa.

Hapo ilihitajika mtu afungue. Kwa kanuni, hahitajiki mtu. Mwizi akilijua neno lako la siri, aweza kuweka kanuni yake katika sanduku lako: barua yenye neno fulani ikiingia, endesha programu yangu. Kisha anakutumia barua hiyo, na programu yake inaamka wewe ukiwa shambani. Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 kampuni ya Microsoft iliizima amri ya kuendesha skripti katika kanuni za programu yake ya Outlook. Anayeihitaji hana budi kuiwasha kwa makusudi.

Mwizi mwingine hataki hata skripti. Anaweka kanuni ya kumpelekea nakala za barua za mnunuzi na kuzificha zisionekane na karani. Halafu anamwandikia mnunuzi kwa jina la chama: “Akaunti yetu imebadilika.” Lori la mahindi limekwisha pita Tunduma, na fedha imeingia mfukoni mwa mtu msiyemjua. Ni ndugu wa yule anayeandika katika simu, “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu mtu wa namna hiyo kuwa mkosaji. Lakini kumshitaki si sawa na kuirudisha fedha.

Basi tufanye nini? Andikeni mambo manne.

Kwanza, kila mwezi karani afungue orodha ya kanuni mbele ya katibu, wazisome moja moja. Kanuni isiyo na mwenyewe ifutwe, na neno la siri libadilishwe siku ile ile.

Pili, skripti iandikwe na mtu anayefahamika, nayo ijaribiwe kwanza kwa nakala za hesabu, si kwa hesabu zenyewe.

Tatu, skripti isipewe uwezo wa kulipa fedha. Kulipa ni kazi ya watu wenye kutia sahihi.

Nne, akaunti ikisemwa imebadilika, piga simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua.

Mkulima wa Ufipa hufukia nyasi katika tuta zioze, zirutubishe udongo wakati yeye amelala. Lakini anajua alichofukia. Na kanuni iwe hivyo hivyo. Mkutano mkuu ukifika, simama uulize: “Kanuni za sanduku letu ni ngapi, na nani aliziweka?” Sasa unajua kusoma. Omba orodha uisome mwenyewe.

Maswali ya darasa: 1. Sehemu mbili za kanuni ni zipi? 2. Kwa nini mwizi huzificha barua? 3. Katika chama chenu, nani analijua neno la siri?