Saratani ya matiti si siri ya mtu mmoja

*Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha Oktoba cha uhamasisho kuhusu saratani ya matiti, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, vikundi vya akina mama na wafanyakazi wa kaunti.*



Wengi wenu mnanijua kama yule wa kamera na kinasa sauti. Leo nimeombwa nisimame upande huu kwa sababu nina umri wa miaka 36 na nimetoka kwenye matibabu ya saratani ya titi la kushoto. Nitasema mambo mawili: yanayompata mgonjwa mwilini na nyumbani kwake, na yanayoamuliwa na watu waliokaa kwenye meza ya bajeti. Mgonjwa huyaishi yote mawili kwa siku moja.

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na watu 670,000 wakafariki. Akina baba, msicheke: wanaume nao huipata, ingawa ni wachache, kama mmoja katika kila wagonjwa mia. Ikigunduliwa mapema, inatibika. Kwetu wengi hufika hospitali uvimbe umekuwa kidonda.

Tumezoea kusema kwamba wanawake huchelewa kwa sababu ya woga au kwa kwenda kwa mganga kwanza. Wapo. Lakini mimi nilienda zahanati siku ya pili baada ya kugusa kinundu kidogo kama punje ya kunde. Niliambiwa ni maziwa, kwa kuwa nilikuwa nikinyonyesha. Kituo cha pili nilipewa dawa za kuua bakteria. Cha tatu ndicho kilichonipeleka kwenye picha ya ultrasaundi, kisha nikachukuliwa kipande cha nyama kikapimwe mbali. Kutoka siku ya kwanza hadi jibu ilikuwa miezi mitano. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60.

Kisha matibabu. Dozi nane za kemo, moja kila baada ya wiki tatu. Nywele zilianza kutoka siku ya 17, nikabaki na leso kichwani. Kinywa kilikuwa na vidonda, na kila chakula kilikuwa na ladha ya chuma. Baadaye nilitolewa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Tangu hapo mkono wa kushoto huvimba nikiinua mtungi wa lita 20, na hilo hakuna aliyeniambia kabla ya upasuaji. Baada ya hapo mionzi: siku 15, Jumatatu hadi Ijumaa. Sikuweza kwenda na kurudi Malindi kila siku, hivyo nililala kwa shangazi yangu Kisauni. Sasa nameza tembe moja kila siku, na nitaimeza kwa miaka.

Kwenye benchi la kusubiri kemo nilikaa na mama mmoja muuza samaki. Tulikuwa na ugonjwa wa aina moja na daktari mmoja. Mimi nina mshahara, na nilipewa likizo ya ugonjwa. Yeye siku asiyouza samaki, watoto hawali. Baada ya dozi ya tatu hakurudi. Nilimpigia simu, akaniambia dawa imelipiwa na bima, ila nauli na kodi ya nyumba hazina bima.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti hospitali na vituo vya afya. Julai 2019 nchi iliwapoteza kwa mfululizo Bob Collymore, mbunge Ken Okoth na Gavana Joyce Laboso, wote kwa saratani, na taifa zima likadai hatua. Hatua zipo. Kwa miaka mingi mashine za mionzi za hospitali za umma zilikuwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta pekee. Leo mgonjwa wa Pwani anatibiwa Mombasa. Mwaka 2025 ulitangazwa mkataba wa kushusha bei ya Herceptin, dawa ya aina moja ya saratani ya matiti, kutoka takriban shilingi 120,000 kwa dozi hadi 40,000, zikilipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Lakini tusome maandishi madogo. Kwa viwango vya SHA vya 2025, matibabu ya saratani yalitengewa shilingi 550,000 kwa mwaka kwa kaya nzima, si kwa kila mgonjwa. Mama na mtoto wakiugua pamoja, wanagawana. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi angalau siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili na saba kwa nusu malipo. Dozi zangu nane pekee zilichukua karibu miezi sita. Yaya, mlinzi, mfanyakazi wa hoteli: wahesabieni wenyewe.

Kwa hiyo nina maombi manne.

Wahudumu wa afya ya jamii, mwanamke anayenyonyesha akisema ana kinundu, msimwambie ni maziwa. Kinundu kisichoondoka baada ya wiki mbili au tatu kipelekwe kupimwa, na mumfuatilie mpaka apate jibu mkononi.

Akina baba, mke wenu akitolewa titi bado ni mke wenu. Msindikizeni kliniki. Na msimruhusu mtu yeyote aseme mbele yenu kwamba amerogwa.

Waheshimiwa wawakilishi wadi, fikirieni nauli na malazi ya wagonjwa wa mionzi. Ni fedha ndogo kuliko barabara, na zinaamua nani amalize dozi.

Na sisi wananchi, tujue kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo huitwa vikao vya umma, na matangazo yake huandikwa katika jarida hili hili. Akina mama wa chama, njooni watano, mkae mbele, muulize: mwaka huu saratani imetengewa shilingi ngapi? Swali hilo likiulizwa Malindi, likaulizwa Ganze, likaulizwa Magarini, litaandikwa kwenye ripoti, kwa maana mimi ndiye ninayeziandika.

Nje ya ukumbi kuna hema mbili na wauguzi wanaopima matiti bila malipo hadi saa kumi jioni. Mwenye miaka 40 na zaidi ataelekezwa pa kupata mamogramu. Foleni inaanzia mlango wa kulia.