NDEGE IKIBADILI MWENYEWE, MAFIA TUNABAKI NA NINI?

*Maneno ya uongozi wa tawi yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama, Kilindoni. Yanatumwa kwa wote ambao hawakufika. Mwenye simu amsomee asiye nayo.*

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama, vijana wa mashina yote,



Mkutano uliopita mlituagiza tulifanyie kazi suala la ndege. Swali lililoulizwa lilikuwa hili: kampuni za ndege zinauzwa na kununuliwa huko Dar es Salaam na nje ya nchi, sisi tunasikia redioni kama watu wengine. Siku mwenyewe mpya akikaa na karatasi zake akasema Mafia hailipi, tutafanya nini? Na likatoka jibu ambalo wengi walilipigia makofi: Serikali ilete ndege yake, mambo yaishe.

Jibu hilo hatulikatai. Lakini tumelipima, tumeona halitoshi, na tunaomba mtusikilize kwa nini.

Kwanza tukumbushane tulivyo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 66,180. Wilaya nzima ni visiwa: hapa kisiwa kikubwa, kisha Chole, Juani, Jibondo na vingine vidogo. Wengi wetu tunasafiri kwa kivuko cha MV Kilindoni na kwa boti za Nyamisati, na hilo halitabadilika kwa sababu nauli ya ndege si ya kila mtu. Lakini kufika Nyamisati si kufika Dar es Salaam, bado una safari ya gari. Kusi ikichachamaa mnajua wenyewe mkondo unavyokuwa. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotufikia, hakuna mwenye akili aliyefikiria kuingia baharini.

Kwa ndege ni nusu saa na ushee. Ndiyo maana hata asiyepanda ndege mwaka mzima, siku mkewe anapoandikiwa rufaa ya Tumbi au Muhimbili, swali lake la kwanza ni kama kiti kipo.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kiti hicho. Ndege zinazotuhudumia nyingi ni Caravan, zile za injini moja, zinazobeba abiria 12 au 13. Mgonjwa wa machela anakula nafasi ya viti kadhaa. Msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, viti vinakuwa vimeshanunuliwa na wageni miezi kabla. Wageni hatuwachukii. Vijana wetu wa Kilindoni na Utende wanalisha familia kwa kuwapeleka kuona potwe, na bila wageni hao huenda tusingekuwa na ndege ya kila siku hata moja. Hapo ndipo penye jambo la kufikiri. Ndege inakuja kwa ajili yao. Saa zake zimepangwa zimfae mtu anayetoka Unguja au Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Masika hoteli zikifunga, safari zinapungua, na uchungu wa kujifungua hauna masika wala kiangazi.

Kwa hiyo mnunuzi yeyote wa kampuni ya ndege akitazama Mafia anaona idadi ya wageni. Sisi tunaonekana kama abiria wa kujazia nafasi.

Turudi kwenye jibu la makofi, kwamba mwenyewe awe Serikali. Historia tunayo, na si ya mbali. Shirika letu la ndege lilianzishwa 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika. Mwaka 2002 Serikali iliuza asilimia 49 ya hisa kwa South African Airways, katika mkataba wa dola milioni 20. Matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika na shirika likarudi mikononi mwa Serikali peke yake. Je, kurudi kwa mwenyewe kuliongeza ndege? Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliiondolea ATCL cheti cha kurusha ndege, na shirika likasimama mpaka mwezi uliofuata. Uhai ulianza kurudi 2016, ndege mpya zilipoanza kununuliwa kupitia Wakala wa Ndege za Serikali na ATCL ikakodishwa. Hata baada ya hapo, hesabu za mwaka wa fedha 2022/23 alizokagua CAG zilionyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64.

Hatulisemi hili kulikebehi shirika. Tunasema shirika linaloulizwa kila mwaka bungeni kuhusu hasara litafanya kile kile atakachofanya mfanyabiashara: litatafuta njia ya kukata. Na njia ya kisiwa chenye watu 66,180 ni rahisi kuikata.

Upande wa binafsi nao hatuna sababu ya kujipa moyo. Precision Air ilianza 1993 kama kampuni ya Mtanzania. Mwaka 2003 Kenya Airways ikanunua asilimia 49. Mwaka 2011 hisa zikauzwa kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na sehemu ya Wakenya ikashuka mpaka asilimia 41 na kitu. Mwenyewe alibadilika mara mbili ndani ya miaka minane. Fastjet walianza kuruka Novemba 2012 kwa nauli zilizowafanya watu wa Mwanza waache basi. Mwaka 2018 hisa za wageni zikauzwa kwa wawekezaji wa hapa nchini, na kabla mwaka haujaisha ndege zilikuwa zimesimama, na abiria walikuwa na tiketi mkononi.

Fastjet haikuwahi kutua Mafia, na mtu anaweza kusema hayo hayatuhusu. Yanatuhusu hivi: siku ile Fastjet iliposimama, mtu wa Mwanza alikasirika, akapanda basi au akanunua tiketi ya kampuni nyingine. Alichelewa, alilipa zaidi, lakini alifika. Mafia kampuni ikiondoka, basi halipo. Abiria wawili wanaotumia sheria ile ile na kulipa ada zile zile, mmoja ana mlango wa pili na mwingine hana, na sheria yetu haioni tofauti kati yao. Tunaamini hiki ndicho chanzo cha tatizo letu. Jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege linakuja baadaye.

Tumetafuta wenzetu wa visiwani wanafanyaje. Uskochi kuna kisiwa kinaitwa Barra, na ndege yake inatua ufukweni, juu ya mchanga, maji yakiwa yamekupwa. (Sisi tuna njia ya lami tangu 2013, kwa fedha za Millennium Challenge za Marekani, halafu bado tunajiona maskini wa ndege.) Kampuni inayoruka Barra ni Loganair. Mpaka 2008 ilikuwa ikiruka kwa jina la British Airways. Kisha ikaruka kwa jina la Flybe mpaka 2017, halafu kwa jina lake yenyewe. Na wenye hisa nao walibadilika katikati ya miaka hiyo. Flybe, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko Loganair, ilifilisika Machi 2020. Ndege ya Barra haikufa pamoja nayo. Sababu ni kwamba safari ya Barra ina mkataba na Serikali ya Uskochi. Wanatangaza zabuni, wanasema safari ziwe ngapi, na wanalipa pengo lile ambalo nauli haizibi. Anayeshinda anafanya, na muda ukiisha inatangazwa tena. Pamoja na hilo, wakazi wa visiwa vya kule wanapunguziwa nusu ya nauli ya msingi. Hispania wamekwenda mbali zaidi: tangu 2018 mkazi wa visiwa vya Canary anayekwenda bara anapunguziwa asilimia 75.

Kipo pia kisiwa cha Guernsey, kati ya Uingereza na Ufaransa, chenye watu kama idadi yetu. Wao 2003 waliinunua kabisa kampuni ya ndege, Aurigny, kwa kuogopa kupoteza nafasi zao za kutua London Gatwick. Imewasaidia, lakini imekula fedha za hazina yao mara kwa mara, na ile ni hazina ya kisiwa cha mabenki. Halmashauri yetu haina ubavu huo na hatutaki mtu aje kuwadanganya jukwaani kwamba tutanunua ndege.

Kwa hiyo msimamo wa tawi ni kudai wajibu ulioandikwa, ambao yeyote atakayemiliki ndege ataukuta pale na kuurithi pamoja na ndege zenyewe. Tunataka idadi ya chini ya safari kwa wiki iandikwe, na iwe ya mwaka mzima, masika ikiwemo. Tunataka viti viwili katika safari ya kila siku vishikiliwe mpaka jioni ya siku ya kuamkia safari kwa ajili ya mwenye barua ya rufaa. Jioni ikipita hakuna mgonjwa, kampuni iviuze kwa amtakaye. Tunataka nauli ya mkazi, kwa kitambulisho cha taifa na barua ya serikali ya kijiji, itajwe kwa shilingi. Na tunataka kampuni ikitaka kuacha safari za Mafia itoe taarifa mapema, ili mwingine apatikane kabla yule wa kwanza hajaondoka.

Nani atalipa? Mzee mmoja alituuliza hivi barazani na tunamjibu mbele ya wote. Serikali Kuu lazima iweke mkono, kama inavyoweka kwenye vivuko, ambavyo havijengwi kwa nauli ya abiria. Na upo mchango unaoweza kutoka hapa hapa: mgeni anayeingia Hifadhi ya Bahari ya Mafia analipa kiingilio. Sehemu ya fedha hizo ikitengwa kwa ajili ya viti vya rufaa, mgeni anakuwa amemlipia mwenyeji aliyemwachia kiti. Hili ni pendekezo letu, tunajua litaleta ubishi, na ubishi tuko tayari nao.

Wapo wanaohofia kwamba tukidai sana, kampuni zitakimbia. Hofu hiyo ina msingi kama tungekuwa tunalazimisha mtu aruke kwa hasara. Hatuombi hivyo. Kampuni inayolipwa kwa kiti kitupu cha Aprili haina sababu ya kukimbia, itagombania zabuni.

Kuhusu kampuni kuuzwa, msidhani hatuna pa kusemea. Makampuni makubwa yanapotaka kuungana au kununuana, Tume ya Ushindani hutoa tangazo na kuwaita wenye maoni wayapeleke. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayotoa leseni za safari, na lipo Baraza la Ushauri la watumiaji wa usafiri wa anga, lililoundwa kwa ajili ya abiria kama sisi. Tatizo ni kwamba tangazo linasomwa Dar es Salaam, na muda wa maoni unakwisha kabla gazeti halijavuka. Kuanzia sasa tawi limewapa vijana wawili wa sekretarieti kazi ya kufuatilia matangazo hayo kila wiki. Likitokea linalogusa kampuni inayoruka hapa, litaletwa kwenye kundi hili siku hiyo hiyo, na barua yetu itatoka na sharti moja: mnunuzi akubali kwa maandishi safari za Mafia kabla hajapewa ruhusa.

Tumeshaomba nafasi ya kuonana na mheshimiwa diwani, na kupitia kwake mbunge. Hatutaki kwenda mikono mitupu wala na malalamiko ya jumla. Kwa hiyo tunaomba kila shina lituletee yafuatayo: tarehe ambayo mwenye rufaa alikosa kiti, ilichukua siku ngapi kukipata, na aliishia kusafiri kwa njia gani. Jina la mgonjwa halitakiwi, wala ugonjwa wake. Mwenye tiketi za zamani za ndege azilete, tunataka kulinganisha nauli za msimu wa wageni na za masika. Kampuni gani ilihusika andikeni kwenye karatasi ya katibu tu. Hapa kwenye kundi msitaje kampuni wala mfanyakazi wa uwanja, maana tutaishia kugombana na vijana wetu wenyewe wanaokata tiketi.

Na tafadhali sana, *msitume picha za vyeti vya hospitali kwenye kundi hili.* Mpelekeeni katibu mkononi.

Mwisho wa kupokea ni Ijumaa baada ya sala. Kikao cha kupitia karatasi ni Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisi ya tawi. Wanachama wa Jibondo, Juani na Chole, saa imewekwa hivyo ili mvuke maji yakiwa yamejaa na kurudi kabla giza halijaingia. Mafuta ya mashua moja kwa kila kisiwa yatalipwa na tawi, nahodha aje na risiti.

Uongozi wa Tawi,
Kilindoni, Mafia